Mikate ya Marehemu, Mlango kwa Mlango

Tone. Tone. Tone.

Maji yalidondoka polepole ndani ya beseni la bati, na alfajiri ilikuwa bado. Hapo ndipo tulipomwacha Halimai wiki iliyopita, msomaji wangu: ameketi kitandani gizani, mkono kifuani, anasikiliza, na kitanda cha mama mkwe wake ni kitupu.

Aliyelikosa gazeti la wiki jana asihangaike. Halimai ni yule Muislamu wa kabila la Kidongxiang aliyeshuka kutoka Huagou, kule juu kwenye mlima wa udongo wa njano, ambako watu wa dini yake wanaohamia jiji la Lanzhou kutoka vijijini huishia wote, chumba juu ya chumba, maji yakipanda kwa ndoo. Chini mjini alibisha milango mpaka vidole vikamuuma. Wenye nyumba walikuwa wakiutazama ushungi wake mweusi, kisha wanasema, "Ah, dada, chumba kimechukuliwa sasa hivi."

Ndipo siku moja akauvua. Akavaa kofia ya sufu, akasema anaitwa Yulan, na bibi mmoja aitwaye Bi Lian akampa vyumba viwili ghorofa ya tatu.

Hakufanya hivyo kwa kupenda makuu. Alifanya kwa ajili ya Rukiye, binti yake wa miaka tisa. Shule nzuri ya kule chini mjini haipokei mtoto asiyeishi mtaa ule, na Alhamisi ya wiki hii mwalimu atapita kuona kwa macho yake kama Rukiye analala pale kweli. Shule ya Huagou ina dawati moja kwa watoto watatu, na walimu wake huondoka kabla hawajayashika majina ya watoto.

Mume wake, Yibula, yuko mbali kusini anavuta tambi kwa mikono kwenye mkahawa wa watu. Shauri lote lilikuwa la Halimai peke yake.

Na sharti lilikuwa moja tu: mama mkwe asitoke nje. Kwa maana Bi Sefiye alikuwa na ushungi mweupe wa wanawake wazee, na huo asingeuvua hata umshikie kisu.

Sasa tuendelee.

Halimai aliteremka kitandani akafuata ile sauti mpaka jikoni. Birika la udhu lilikuwa limening'inizwa kwenye msumari, mdomo wake ukidondosha maji yaliyobaki. Na kwenye jiko, karai lilikuwa limepata moto.

Harufu ya mafuta ilimpiga usoni.

"Mama! Unafanya nini?"

Bi Sefiye hakugeuka. Alikuwa ameoga mwili mzima, nywele zimebanwa ndani ya ule ushungi mweupe, midomo inacheza taratibu kwa dua. Aliutia mkate mwingine mafutani, ule wa duara wenye mipasuko miwili katikati, akautazama ukivimba na kuelea.

"Mama, nakuuliza."

"Mikate hii ikiwa mafutani mtu haongei. Ngoja."

Halimai alingoja, roho juu. Mkate ulipoiva, mama mkwe akauopoa, akauweka juu ya wenzake, kisha ndipo akamtazama.

"Leo ni siku ya baba yake Yibula," alisema. "Ulikuwa hukumbuki?"

Halimai akainamisha kichwa. Hakukumbuka. Huko Huagou mtu hawezi kusahau siku ya marehemu wake, kwa sababu tangu jana yake angekuja mama huyu kuuliza unga upo, akaja yule na chupa ya mafuta, akaja na mwingine asiye na kitu, kuosha vyombo tu. Hapa kulikuwa na kuta.

"Nisamehe, Mama. Lakini harufu itapanda mpaka juu. Watajua."

"Ndiyo inavyotakiwa. Marehemu hapati mkate, anapata harufu. Unataka nimkaangie dirisha likiwa limefungwa?"

"Nataka Rukiye asome, Mama."

Yule mzee aliuweka mwiko chini. Alikuwa anampenda mjukuu wake kupita macho yake mwenyewe. Wakapatana hapo hapo jikoni kwa kunong'ona: mikate iliyoiva inatosha, moto uzimwe, na kukicha Halimai ataipandisha Huagou kwa basi ili imamu asome, na majirani wa kule wagawiwe.

"Na wewe hutafungua mlango," Halimai alisema.

"Sitamfungulia mtu."

"Mama, niahidi."

"Nimeshasema sitamfungulia mtu, we binti. Niape?"

Halimai akaenda kumwamsha Rukiye na kumsuka. Mtoto alikuwa na nywele ngumu, zile za upande wa baba yake, na kila zikivutwa alilia kwa kudeka. Kwa hiyo Halimai hakusikia kitu.

Aliporudi jikoni, sinia halikuwepo.

Wala mama mkwe.

Mlango ulikuwa wazi!

Halimai alinyoosha mkono kwenye msumari wa nguo. Kofia ya sufu ilikuwa pale, na ushungi mweusi ulikuwa pale chini yake. Mkono ukasita kati ya viwili hivyo. Kisha akaviacha vyote, akakimbia kwenye ngazi kichwa wazi, jambo ambalo hajapata kulifanya tangu avunje ungo.

Aliwakuta ghorofa ya pili. Mzee Pang, jirani wa pale, alikuwa amesimama mlangoni na fulana yake ya kulalia, mikate miwili mkononi, macho yamemtoka.

"Huyu bibi ni wako?" alimuuliza Halimai. "Nimemuuliza bei gani, hasemi. Nikamwambia sinunui, ananiwekea mkononi."

"Hauzi, babu. Samahani sana. Alikuwa—"

"Usiume kwa meno, mwanangu," Bi Sefiye alimwambia mzee Pang kwa upole. "Megua kwa mkono. Na umkumbuke mwenye siku yake."

"Mwanangu? Bibi, mimi nina wajukuu wanaovuta sigara!"

"Basi wagawie na wao."

Mzee Pang alicheka mpaka akakohoa. Na kile kikohozi, kumbe, ndicho kilichofanya yote. Bi Sefiye alimgeukia Halimai kama mtu anayejitetea mbele ya kadhi.

"Nilimsikia huyu akikohoa chini yetu. Nikasema, kaamka. Harufu imemfikia. Sasa mtu akishaipata harufu ya mikate hii, mimi nimnyime kwa sheria ipi? Aliyesikia harufu ana haki yake. Hata wewe unajua."

Halimai alijua. Kila mtoto wa Huagou anajua.

"Uliniahidi hutafungua mlango!"

"Nilisema sitamfungulia mtu. Hakuna aliyebisha. Nimetoka mwenyewe."

Mzee Pang, kwa upande wake, aliingia ndani na kurudi na mapeari manne kwenye mfuko. "Mama yangu alinikataza kupokea bure," alisema, akamtia Bi Sefiye mfuko mkononi. Halafu, akimtazama Halimai kichwani na usoni, akaongeza kwa sauti ya chini, "Mwahishe ndani. Amekwisha kushuka mpaka chini kabisa, sasa alikuwa anapanda. Yule mama wa ghorofa ya kwanza ana simu na hana kazi."

Halimai akachungulia ngazini.

Hakuwa na haja ya kushuka kumtafuta. Mama wa ghorofa ya kwanza alikuwa tayari anapanda, misokoto ya kutengenezea nywele imejaa kichwani, simu sikioni.

"Ndiyo, ndio hao hao wa mlimani," alikuwa akisema kwenye simu. "Mmoja kavaa ushungi kama shuka. Wako ghorofa ya tatu. Mama yako hakukwambia? Loo, basi samahani, nilidhani unajua." Akaikata. Kisha akamtazama Halimai. "Kwa hiyo wewe Yulan kumbe ndiyo hivyo. Kesho mtatuchinjia kondoo kwenye ngazi?"

"Dada, ni mikate tu."

"Leo mikate."

Akateremka zake. Bi Sefiye alikuwa hajaelewa. Alikuwa anamtazama yule mwanamke akienda, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta namna ya kusalimia.

"Yule nilimpa miwili mizuri zaidi," alisema. "Amekonda."

Halimai akamshika mkono ampandishe, lakini mzee alitaka kulichukua sinia lake, alikuwa ameliacha chini mlangoni. Wakashuka pamoja. Pale chini, pembeni ya mlango wa nje, kuna pipa la taka. Na juu ya maganda ya mayai na majani ya chai, uso kwa uso kama ilivyokabidhiwa, mikate miwili.

Bi Sefiye alisimama.

Msomaji, kuna watu wangepiga kelele. Yeye alikunja mkono wa nguo yake, akainama, akaitoa taratibu. Akapangusa jani la chai lililogandia. Akaitia ndani ya ushungi wake, upande wa kifua, akaufunga ncha.

"Labda hawakujua," alisema. "Mtu asiyejua halaumiwi."

Halimai alishindwa kumtazama.

Mlango wa pili pale chini ukafunguka. Akatoka Bi Lian, mwenye kupangisha, mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, ufagio mkononi, viatu vya kitambaa miguuni. Akawatazama wawili hao. Akatazama pipa. Akatazama ushungi uliofungwa.

Halimai akaona hakuna tena pa kujificha.

"Bi Lian, nilikudanganya."

"Ulinidanganya nini?"

"Sisi ni Waislamu. Tunatoka Huagou. Nilivua ushungi ili unipangishe."

Bi Lian akaegemeza ufagio ukutani.

"Siku ulipokuja kuona nyumba nilikumiminia chai," alisema. "Ukasema umeshiba. Chai! Nani duniani anashiba asiweze kunywa chai? Halafu mtoto wako akaomba maji, ukatoa kikombe chako mwenyewe mkobani. Na hapa," akajigusa juu ya paji la uso, "una mstari. Chini jua limechoma, juu halijawahi kufika. Mimi nimeishi jiji hili tangu nazaliwa, mwanangu. Mnafikiri sisi ni vipofu?"

"Ulijua!"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Wewe ulinyamaza. Nikaona ndivyo unavyopenda." Bi Lian akaona haya kidogo, akaanza kuupangusa mpini wa ufagio kwa kidole. "Lile jiko nililisugua kwa magadi kabla hamjaingia. Karai la zamani nililitoa, na ubao wa kukatia nyama, na vyungu. Nilijua msingevigusa."

Halimai akakumbuka alivyoingia siku ile akakuta jikoni kutupu, hata kijiko hakuna, naye akamwambia mama mkwe kwamba mwenye nyumba wao ni bahili. Machozi yakamjia.

"Mimi nilisema—"

"Najua ulichosema. Milango ni myembamba, nami nilikuwa ngazini." Bi Lian akatabasamu. "Haya, mimi sina mkate?"

Bi Sefiye, aliyekuwa akifuata mazungumzo yale akigeuza kichwa huku na huku, alijishika kifuani. Ile ya kwenye ushungi haikufaa kupewa mtu. Sinia lilikuwa tupu. "Nitakukaangia mwingine," alisema. "Sasa hivi. Subiri hapo hapo."

Laiti mambo yangeishia hapo.

Gari lilifunga breki nje. Akaingia mwanamume wa makamo, koti halijafungwa vifungo, uso mwekundu kwa baridi na hasira. Alikuwa Jianshe, mwana wa pekee wa Bi Lian.

"Mama, ni kweli?"

"Shikamoo kwanza hujasema."

"Ni kweli?"

Hakungoja jibu. Ushungi wa Bi Sefiye ulimtosha. Akamgeukia Halimai, na hakupaza sauti, hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

"Dada, mimi sina ugomvi na mtu. Lakini nyumba ina jina langu. Nyie hamkai mmoja. Anaingia mmoja, anamleta shemeji, shemeji anamleta binamu, mwakani ngazi nzima ni yenu na hakuna mwingine atakayetaka kukaa hapa. Nimeona mitaa ilivyogeuka."

"Kaka," Halimai alisema, "nilikuja mmoja. Nimebisha mitaa yote ya huku chini nikiwa mmoja. Kila mlango ulinirudisha kule kule kwa wenzangu. Halafu mnatuuliza kwa nini tumebanana."

Jianshe akatazama pembeni. Kwa kitambo kidogo ilionekana kama limemwingia.

"Sikukutuma," alisema. "Mtoke leo."

"Mtoto ana mwalimu Alhamisi. Tuache mpaka Alhamisi tu. Baada ya hapo tutahama wenyewe, sitakwambia neno."

"Leo, dada. Mimi mwenyewe nitawatafutia gari."

Halimai akamtazama Bi Lian. Mzee Pang, aliyekuwa ameinama kwenye ngazi juu, naye akamtazama Bi Lian. Na Bi Lian, aliyelisugua jiko kwa magadi, aliyejua tangu kikombe cha kwanza, alichukua ufagio wake akaanza kufagia mahali palipokuwa pasafi.



Anakula mkononi mwa mwanawe. Tusimhukumu haraka.

Basi wakafunga mizigo. Mizigo yenyewe haikuwa mingi, mtu aliyehamia kwa hofu hafungui kila kitu. Halimai alishusha birika la udhu kwenye msumari, akamwaga yale maji ya mwisho. Bi Sefiye alikaa kwenye ncha ya kitanda.

"Ni mimi," alisema.

"Si wewe, Mama."

"Ni mimi. Ningelala. Ningesema Mungu anaijua nia. Lakini sikujua, Halimai. Nimeishi miaka yote hii, sikujua kuna mahali ukimpa mtu mkate anakupigia simu."

Halimai akapiga magoti akamvalisha viatu, mmoja baada ya mwingine, kama anavyomfanyia kila siku tangu magoti ya mzee yalipoanza kugoma. Hakumwambia neno la lawama, siku hiyo wala baadaye. Akauchukua ushungi wake mweusi msumarini, akajifunga mbele ya kioo kilichopasuka. Kofia ya sufu akaitia mfukoni. Hakujua kwa nini hakuitupa.

Rukiye alikuwa mlangoni, mabegani amevaa mkoba mpya wa shule.

"Mama, mwalimu akija Alhamisi, ataniulizia?"

"Vaa ushungi wako, twende."

"Ataniulizia, Mama? Ataambiwa nimekwenda wapi?"

Halimai akamkaza mikanda ya mkoba, akamtoa nje.

Jianshe alitimiza ahadi. Alileta toyo, pikipiki ile ya mizigo ya magurudumu matatu, akamlipa dereva mwenyewe, hata akasaidia kufunga godoro kwa kamba, kisha akaondoka bila kuaga. Mzee Pang alishuka na fulana yake ile ile, sasa akiwa na koti juu, akambeba Bi Sefiye mikononi kama gunia la pamba akamkalisha juu ya matandiko. "Mwanao nimekubeba," alisema. Bi Sefiye akacheka katikati ya machozi.

Rukiye akapanda karibu na bibi yake. Dereva akawasha injini.

"Subiri! Subiri!"

Bi Lian alikuja mbio na viatu vyake vya kitambaa kwenye tope, mkono mmoja umeshika ubavu. Akamshika Halimai mkono wa nguo, akamvuta nyuma ya toyo, mbali kidogo na dereva.

"Unaniona mimi si mtu," alisema, akihema.

"Sikuoni hivyo, Mama."

"Unaniona. Na una haki. Sikiliza upesi. Jianshe anaendesha lori la Xining. Anaondoka Jumatano, harudi mpaka Ijumaa jioni."

Halimai alimtazama bila kuelewa.

"Alhamisi mwalimu anakuja," Bi Lian alinong'ona. "Atamkuta mtoto kwangu. Chumba changu cha ndani kina kitanda. Nitamwambia analala hapa, na atakuwa analala kweli. Si mara moja. Siku zote za shule. Jianshe nitapambana naye mimi, pole pole, akishamzoea. Majirani nao watazoea. Yule wa misokoto nitamfunga mdomo."

Damu ilimrudia Halimai usoni. Alitaka kumbusu yule mwanamke mikono yote miwili. "Bi Lian! Tutakuja! Jumatano jioni tutakuwa—"

"Si nyinyi." Bi Lian alitazama chini. "Mtoto peke yake. Wewe ukionekana hapa, yamekwisha. Na aje kichwa wazi. Nitampikia mboga tu, naapa, sufuria nitanunua mpya. Lakini mwalimu atauliza maswali, na mtoto lazima awe na wa kumtaja. Atauliza, huyu ni nani wako?"

"Aseme nini?"

Bi Lian akamwachia mkono wa nguo. Alimzunguka, akaenda ubavuni mwa toyo, akanyanyua mkono wake mfupi mpaka ukafika kwenye goti la Rukiye. Bi Sefiye alikuwa ameketi pale pale, ushungi mweupe ukipepea, na masikio yake, tofauti na magoti, hayakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa amesikia yote. Polepole, mkono wake ukateleza juu ya matandiko ukaushika mkono wa mtoto, ukaufunga ndani ya kiganja.

Rukiye akawatazama wazee wawili, mmoja baada ya mwingine.

Bi Lian akatabasamu.

"Jumatano uje unitembelee tena," alimwambia mtoto. "Sawa, mjukuu wangu?"